Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tuliohangaika na mizani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafamasia wa saratani, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Katibu aliniambia taarifa isizidi kurasa mbili, nikamwambia hakuna shida, halafu nilipokaa kuandika nikakuta mambo ni mengi, kwa hiyo mtanivumilia. Hesabu za fedha sizigusi, mweka hazina atazisoma mwenyewe siku ya mkutano. Mimi nasema tu ada zinachelewa na wanaochelewesha ni walewale wa mwaka jana, mnajijua.

Mnakumbuka kikao cha mwanzo wa mwaka tulikubaliana hatutakimbizana na mambo kumi, tutakomaa na moja tu, kwamba mgonjwa wa kemo (dawa kali za saratani) apimwe uzito upya kila anapokuja kwenye mzunguko wa dawa, na mfamasia asiguse hata vaili moja, kile kichupa cha dawa, mpaka aone uzito wa leo kwenye fomu, sio wa mwezi uliopita. Basi. Kuna mwenzetu aliandika kwenye grupu "yaani wafamasia wa saratani nchi nzima tumekutana kujadili mizani?" Ndiyo aisee, tumekutana kujadili mizani.

Wale wapya mliotoka famasi za kawaida niwaeleze kidogo. Vidonge vya presha anavyokunywa mzee wa kilo 60 mara nyingi ndivyo hivyohivyo anavyokunywa wa kilo 80, hakuna anayehangaika. Kwenye kemo ni habari nyingine. Unachukua urefu kwa sentimita, unazidisha na kilo, unagawa kwa 3600, unatafuta kipeuo cha pili, ile kanuni ya Mosteller ya 1987, unapata eneo la mwili kwa mita za mraba na dozi karibu zote zinapigiwa hapo. Sasa chukua kijana wa sentimita 170 mwenye limfoma (saratani ya tezi), anaanza CHOP, ule mchanganyiko wa dawa za kemo, ana kilo 72, eneo lake 1.84. Anatapika, mdomo umejaa vidonda, chakula hakipiti, mizunguko kadhaa baadaye yuko kilo 54 na eneo limeshuka hadi 1.60. Doksorubisini, moja ya dawa hizo, kwa miligramu 50 kila mita ya mraba, mwanzo alikuwa anapata 92, sasa anatakiwa apate 80. Fomu ikinakiliwa tu kutoka ya mwezi uliopita umempa miligramu 12 za bure mtu ambaye uboho wake, kiwanda cha damu, umeshachoka, na hiyo ni dawa moja tu, siklofosfamidi nayo imezidi vilevile. Siku kumi mbele anarudi na homa, chembe nyeupe za damu hakuna, na hapo ndugu zake wanasema kemo imemmaliza. Na kwa doksorubisini hiyo msisahau daftari la jumla aliyopata maisha yake yote, ikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba moyo unaanza kudai, na moyo ukidai hapo haurudishi chenji.

Sasa kilichotushangaza ni kwamba tulianza kampeni ya kupima upya bila kujiuliza kama mizani zenyewe zinasema kweli. Mimi nilinunua mfuko wa sembe wa kilo 25, ule uliofungwa kiwandani, nikaupakia kwenye bajaji nikaenda nao kazini. Nesi wa zamu akaniuliza kaka leo mmeamua kutupikia ugali? Nikauweka kwenye mizani ya kliniki, ikasoma 25 na nukta kidogo, safi. Nikaenda nao wodini, ikasoma 28. Nikautoa nikaurudisha, 28. Nikamwita incharji, akaja akaangalia, akanyamaza, akainama akageuza kile kigurudumu cha chini, akasema hii kitu imekuwa hivi tangu nihamie hapa. Nikawaomba na nyie mfanye hivyohivyo na mfuko wowote uliofungwa, picha mlizotuma kwenye grupu zilikuwa kichekesho na kilio kwa pamoja, sitaji hospitali, wenyewe mnajua. La maana ni kwamba kuna wodi zimepata mizani mpya kwa sababu ya mfuko wa unga, na tulikubaliana mgonjwa mmoja apimwe kwenye mizani ileile kila mara, avue viatu, aweke khanga ya pili na pochi pembeni.

Kuna kesi moja ya kwenye vikao vyetu vya Alhamisi naomba niirudie maana ilizua ubishi mzuri. Mama wa miaka 50, saratani ya mfuko wa mayai, tumbo limejaa maji, anapimwa kilo 68, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja) mikromoli 60 kwa lita. Dokta kaandika karboplatini, dawa nyingine ya kemo. Hii haipigwi kwa eneo la mwili, inafuata kanuni ya Calvert ya 1989, unachukua kasi ya figo kuchuja damu unajumlisha 25 halafu unazidisha na lengo lako la dawa kwenye damu, hapa lilikuwa 5. Kasi ya figo tunaikadiria kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ambayo ndani yake kuna uzito. Kwa kilo 68 unapata kasi ya 106 na dozi ya miligramu 655. Jioni ile mama akatolewa maji, asubuhi yake ana kilo 58, kasi inasoma kama 90 na dozi inashuka hadi karibu 577. Figo ni zilezile za jana! Zile kilo kumi zilikuwa maji, hayachuji damu wala hayatengenezi kreatinini. Mwanachama mmoja alibisha kweli kweli kwamba tofauti ya miligramu 78 ni ndogo, mwingine akamjibu mwambie hivyo chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, zikiwa elfu 20. Tulichokubaliana ni kumpigia dokta simu kabla ya kuchanganya, na ukikutana na maji ya tumboni au miguu iliyovimba, uliza uzito wake kabla hajaanza kuvimba, ndugu zake huwa wanaukumbuka.

Hapohapo akatokea mtu na swali la dolutegraviri, dawa ya VVU, na nashukuru alitokea maana wagonjwa wetu wengi wa saratani ya shingo ya kizazi na ya Kaposi wako kwenye dawa za VVU. Dolutegraviri inapandisha kreatinini kidogo bila figo kuumia, inaziba tu mlango mmoja ambao kreatinini hupitia kutokea. Ukiweka hiyo namba kwenye kanuni utaona figo mbovu zisizokuwepo na utampunja karboplatini. Upande wa pili ukikuta mtu ana tenofovir, nayo ya VVU, na anaandikiwa sisplatini, dawa ya kemo, hapo figo ziko hatarini kweli, zote mbili zinashambulia palepale, kwa hiyo maji ya kutosha, magnesiamu, na vipimo kila mzunguko. Kwa hiyo tafadhali, kabla ya kupiga hesabu yoyote, uliza anatumia nini nyumbani, na uliza faragha, sio pale dirishani watu kumi nyuma yake wanasikiliza.

Nije kwenye vinkristini, dawa nyingine ya kemo. Hili nitalisema kila mwaka mpaka mnitoe kwenye kiti. Hii dawa inatokana na yale maua ya pinki na meupe yanayooteshwa mbele ya nyumba pwani nzima, asili yake Madagaska, ukiyaona huwezi kudhani. Kwenye mshipa inatibu. Kwenye uti wa mgongo inaua, na mtu anakufa taratibu huku mnamwangalia. Uingereza mwaka 2001 kijana wa miaka 18 alikufa hivyo, na hakuwa wa kwanza, na WHO wakatoa onyo lao 2007 kwamba iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayejaribu kusukuma mililita 50 kwenye mgongo wa mtu.

Mimi nina sababu yangu binafsi. Miaka ya nyuma, hospitali siisemi, nilichanganya dawa za mtoto wa lukemia (saratani ya damu), vinkristini kwenye bomba, methotreksati ya mgongo kwenye bomba, lebo nikaandika kwa mkono nikaweka zote mbili kwenye trei moja kwa sababu mhudumu alikuwa mmoja na lifti mbovu. Nilijiona nimesaidia. Wodini daktari mwanafunzi kashavaa glovu, mtoto kashakunjwa ubavuni na mama yake kamshika, mkono umeenda kwenye bomba la kwanza. Nesi mmoja mtu mzima akasema tu, "daktari, soma kwanza." Akasoma. Ilikuwa vinkristini. Hakuna kilichotokea, mtoto alipata dawa sahihi, mimi nikapigiwa simu nikapanda ngazi ghorofa tatu nikamkuta yule nesi kakaa kwenye stuli mikono inatetemeka. Hakunigombeza, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu siku ile dawa ya mgongo haitoki famasi pamoja na ya mshipa, sio trei moja, sio saa moja, na kama inawezekana sio siku moja.

Najua mtasema mifuko ya mililita 50 haipatikani. Chukua ya mia, toa hamsini, changanya, andika kwa herufi kubwa KWA MSHIPA TU. Wenzenu wa kanda ya ziwa wamefanya hivyo mwaka mzima na hawajalalamika. Wale ambao bado mnatoa kwenye bomba nimewapigia mmoja mmoja, wawili hawajapokea simu, nitaendelea kupiga.

Upande wa kuongea na wagonjwa tumejitahidi kiasi. Ramadhani ilitukumbusha jambo ambalo tungelijua mapema. Kapesitabini, vidonge vya kemo, inatakiwa mara mbili kwa siku, kama masaa 12 kati yake, ndani ya nusu saa baada ya kula. Mgonjwa anayefunga akimeza baada ya futari saa 12 na nusu jioni na tena baada ya daku saa 10 na nusu alfajiri, ni masaa 10 upande mmoja na 14 upande mwingine, na mchana kutwa hanywi maji huku dawa inaweza kumharisha. Kuna mzee alikuwa anafanya hivyo kimyakimya, kaja na viganja vimebabuka kama aliyeshika sufuria ya moto, madhara ya dawa hiyo. Sio kazi yetu kumwambia mtu asifunge, ruhusa ya mgonjwa dini imeshaitoa, lakini ni kazi yetu kuuliza Shaabani, ili dokta apange mizunguko mapema na mzee akaongee na shekhe wake akiwa na taarifa kamili. Mwakani tuulize mapema.

Na dawa za miti shamba. Waliokuwepo 2011 mnakumbuka foleni za magari za kwenda Loliondo kwenye kikombe cha dawa cha Babu, sasa hivi ni majani ya mstafeli, kila mgonjwa wa pili ana chupa ya soda imejaa maji ya kijani kwenye kikapu. Ukimcheka anaificha. Nilimuuliza bibi mmoja anayachemshaje, akanieleza vizuri hadi idadi ya majani, na mwisho wa maelezo ndiyo nikajua siku za kunywa mstafeli anaacha vidonge vya hospitali "visigombane." Ningemkaripia nisingelijua hilo kamwe.

Ubora wa dawa nigusie tu. Mwaka 2025 Lancet Global Health walitoa utafiti wa dawa za saratani zilizokusanywa Kenya, Ethiopia, Malawi na Kameruni, karibu moja kati ya sita haikuwa na kiwango sahihi cha dawa ndani. Tanzania haikuwemo ila dawa hazina paspoti. Kwa macho nyingi huwezi kuziona, vaili inang'aa, lebo safi. Mgonjwa akipewa doksorubisini mizunguko mitatu nywele zote zipo kichwani na chembe nyeupe hazitikisiki, jiulize, andika namba ya bechi, jaza fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tunapenda kulalamika kwenye grupu, fomu hatujazi.

Tulichoshindwa ni kabati za kuchanganyia, zile zinazomkinga mchanganyaji na dawa. Bado kuna wenzetu wanachanganya siklofosfamidi mezani karibu na dirisha na glovu pea moja, na kati yao kuna dada mjamzito ambaye aliniambia kwa meseji saa tano usiku maana kwa bosi wake aliogopa kusema. Niliandika barua, nikafuatilia, nikajibiwa bajeti. Dada amehamishiwa kaunta, ila meza ipo palepale na aliyekaa pale sasa ni mwingine. Hili nalileta kwenye mkutano kama ajenda yenyewe, sio mengineyo.

Uchaguzi wa makamu na katibu msaidizi utafanyika siku hiyohiyo, fomu zipo kwa katibu. Mizani ya chama ile ya kuazimana iko kwangu, ikirudi Mbeya nahitaji mtu mwenye gari, kwenye basi ilishagongwa mara moja na kila ikigongwa lazima nikanunue tena sembe.