Kuhusu ule mti dirishani

Lubumbashi, Katuba

Yaya mpendwa, mkubwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa sokoni, mara ya pili usiku umeme ulipokatika, na jana nikakaa nao na daftari, nikaandika kila ulichosema ili nisikujibu kwa hasira. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema Kolwezi imekumeza, hata sikukuu hazikurudishi tena nyumbani. Mvua imeanza, na barabara ya kwetu unaijua, imekuwa tope jekundu tupu. Lakini leo sikuandikii habari za nyumbani. Nakuandikia juu ya ile filamu uliyoitazama.

Umesema mzee anapozungumza na binti yake, nyuma yake dirishani mjakaranda ni mkavu, hauna jani wala ua. Kamera inamgeukia binti, inarudi kwa mzee, na mti ule ule umefunikwa na maua ya zambarau. Mazungumzo ya dakika nne, msimu mzima umepita. Ukasema watu wakishindwa kuchunga mti, wewe huna sababu ya kuwaamini wanapokueleza habari za kifo na urithi. Kisha ukamaliza kwa neno lililonichoma: "Skripte wao alikuwa amelala."

Yaya, skripte, yule anayechunga vitu vifanane kila kamera inaporudi, nilikuwa mimi. Sikulala.

Nyumba ile tuliazimwa siku za Jumamosi tu, kuanzia mwezi wa nane. Sehemu ya mzee tulifika katikati, malaria ikamlaza. Alipopona, kazini kwake wakamng'ang'ania, hatukumpata tena mpaka mwezi wa kumi. Nawe umekulia hapa, unajua mwezi wa kumi unavyokuwa: avenyu nzima ni zambarau, lami huioni kwa maua yaliyoanguka. Chumbani nilichunga kila kitu. Nilijua maji kwenye glasi yake yalibaki vidole viwili. Nilijua kifungo cha pili cha shati kilikuwa wazi, fimbo imeegemea kiti upande wa kushoto, na saa ya ukutani imesimama kwenye saa kumi na moja na dakika kumi, kwa sababu betri niliitoa mwenyewe. Kwenye simu yangu kulikuwa na picha zaidi ya mia tatu za chumba hicho. Hakuna hata moja ya dirisha. Kile kioo nilikichukulia kama mwisho wa chumba, kumbe nje yake miti ilikuwa inaendelea na mambo yake. Kosa hilo ni langu na nalikubali bila kulizungusha. Pazia la franga chache lingetosha.

Lakini kwamba kosa hilo linaiua filamu nzima, hapo ndipo hatuelewani.

Unakumbuka tulivyoanza? Ile sale ya video, ule ukumbi wa kanda karibu na soko, viti vya mbao, na Commando ya mwaka 1985. Porsche ya manjano imelala kwa ubavu, ubavu wa kushoto umebondeka wote, Schwarzenegger anaisukuma mpaka inasimama kwa magurudumu yake, anaondoka nayo, na ubavu ule ule ni mzima, unang'aa. Wewe ndiye uliyeona. Ulipiga kelele hadi sale nzima ikageuka, na mwenye video akakubali kurudisha kanda ili watu wahakikishe. Tangu siku hiyo tukawa wawindaji wa makosa. Tulimshika Julia Roberts ndani ya Pretty Woman, ameshika kruasa asubuhi mezani, na punde mkononi ni kipande cha chapati nzito ya Kimarekani. Miaka mingi baadaye ukanitumia kile kipande cha filamu ya Hitchcock ya mwaka 1959, North by Northwest: mtoto ameketi nyuma kwenye mkahawa, anaziba masikio kabla bastola haijalia. Bila shaka walikuwa wamerudia mara nyingi na mtoto amechoka na ule mlio. Nilikipenda kile kipande kuliko vyote, na bado nakipenda. Mtoto yule ndiye mtu wa kweli kuliko wote waliomo mle mkahawani.

Wakati ule nilidhani makosa haya yanatokana na uvivu. Sasa nimekaa na lile daftari, na nataka nikueleze kazi ilivyo, maana hatukuwahi kuijua.

Mazungumzo ya watu wawili unayoyaona kama kitu kimoja, sisi tuliyafanya mara kumi na nne. Kwanza wote wawili kwa pamoja, kisha mzee peke yake, kisha binti peke yake, kisha mikono, kisha mlango. Kila mara wanaanza upya, na kila mara maji lazima yawe vidole viwili. Wafaransa huita jambo hili rakori, nasi tuliofanya kazi hapa tunasema vivyo hivyo: "Angalia rakori ya mkono," "kikwembe hakina rakori." Skripte ndiye anayeandika kwamba binti alikaa aliposema neno "shamba," si kabla yake, kwa sababu kama mara nyingine atakaa aliposema "mama," fundi wa montaji hataweza kuunganisha vipande viwili. Na nikuambie jambo gumu kuliko yote: kula. Ile meza ya jioni, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, ilituchukua Jumamosi nzima. Bukari inapoa, inashika ganda, mvuke unaondoka. Tulikuwa na mbabula mbili, majiko ya makaa, nje na mama mmoja anasonga bila kupumzika. Kila mara sahani ilitakiwa ianze na tonge mbili zilizokwisha kumegwa, upande wa kulia. Kufikia mara ya tisa mzee wa watu alikuwa ameshiba, anatafuna kwa kujikaza, na sura yake imebadilika. Hiyo nayo ni rakori, ile ya tumbo, na hakuna picha inayoweza kuisaidia.

Sasa nisikilize vizuri. Yale maneno ya binti, "Baba, usinifukuze mara mbili," tuliyapiga mara tano. Mara ya nne ilikuwa kamili: glasi mkono wa kulia, kikwembe kimekaa begani, kila kitu kama daftari linavyosema. Mara ya tano aliichukua glasi kwa mkono wa kushoto na kikwembe kikateleza. Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haifai. Lakini mara hiyo ya tano, alipofika kwenye neno "Baba," sauti ilimkatika. Hakuiigiza. Baba yake mwenyewe alizikwa mwaka uliotangulia, na mle chumbani wote tulijua.

Tulipofika kwenye montaji, fundi aliniuliza nachagua ipi. Nikasema ya nne. Hakubishana nami. Akaziweka moja baada ya nyingine, tukatazama, akazirudia. Nilipotazama mara ya pili nikafunga daftari. Filamu uliyoiona ina ile ya tano. Glasi inatoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto bila mtu kuigusa, katikati ya mazungumzo, mbele ya macho yako.

Na wewe, Yaya, uliyeiona Porsche, hukuitaja. Nimesikiliza mara tatu. Umetaja mti tu.

Walter Murch, Mmarekani aliyeshiriki kuhariri Apocalypse Now, ameweka mizani ya namna ya kuchagua mahali pa kukata. Hisia amezipa asilimia 51. Hadithi 23, mdundo 10, kisha zinazidi kushuka, na ya mwisho kabisa, yaani nani amesimama wapi chumbani na nafasi imekaaje, ameipa 4. Asilimia nne! Niliposoma hapo nilikasirika kwanza, kwa sababu nilikuwa nimetoa miezi mitatu ya Jumamosi zangu kwa ajili ya mambo madogo ya namna hiyo. Lakini hasemi vitu visichungwe. Anasema ukilazimika kupoteza kitu, anza kupoteza kutoka chini, na hisia usiziguse. Nadhani fundi wetu alikuwa anaijua mizani hiyo bila kuisoma.

Tena kuna Wamarekani wawili, Daniel Levin na Daniel Simons, mwaka 1997 walitengeneza filamu fupi ya wanawake wawili wanaongea mezani, wakaweka makosa tisa kwa makusudi. Skafu inatoweka, sahani zilikuwa nyekundu zinakuwa nyeupe. Wakawaonyesha watu kumi, na mmoja tu ndiye aliyesema ameona chochote. Si kwamba wale tisa walikuwa wajinga. Walikuwa wanawatazama watu wanaosema. Sisi tulifanya hivyo kila siku pale sale ya video bila kujua: mara ya kwanza filamu ilitushika, makosa tuliyakuta mara ya tatu na ya nne, tulipokwisha kujua nani atakufa.

Usidhani nasamehe kila kitu. Lipo kosa linalonitoa kitini, nalo wawindaji wengi hawalihesabu. Mwezi uliopita hapa nyumbani tulikuwa tunafuata novela moja, Mama, dada zangu na mimi. Mama mmoja ndani yake alizika mtoto. Tulilia naye. Vipindi vitano baadaye yuko kwenye karamu, anacheka, anapanga arusi ya mtu mwingine, na tangu hapo hakuna aliyelitaja jina la yule mtoto, hata mara moja. Vitu vya mezani vilikuwa na rakori safi kabisa, kila ua kwenye chombo chake. Mama yetu akainuka akaenda kulala. Akasema, "Hawa hawajawahi kukaa kwenye kilio." Sijasikia mtu akiihukumu filamu vizuri kuliko hapo. Kwetu kilio kikiisha watu hurudi makwao, viti vinarudishwa, lakini mama wa marehemu hatulii mwezi wa pili akawa kama mtu ambaye hakuzaa.

Wamarekani nao walifanya hivyo. Happy Days ilianza mwaka 1974 na familia yenye watoto watatu. Mkubwa wao, Chuck, akaondolewa baada ya msimu wa pili. Hakufa, hakusafiri, hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mwaka 1984, kwenye kipindi cha mwisho, baba anainua glasi na kusema juu ya furaha ya kulea watoto wake wote wawili. Wawili! Sasa weka hilo karibu na kile kikombe cha kahawa cha Game of Thrones, Mei 2019, kilichosahauliwa mezani mbele ya malkia. Dunia nzima ilikisema, na ndani ya siku mbili HBO walikuwa wamekifuta kwenye picha. Kikombe kilitafutiwa dawa kwa siku mbili. Mtoto hakuulizwa kwa karibu miaka kumi. Ukitaka kuniambia filamu fulani haiaminiki, nipe kosa la namna hiyo nami nitasimama upande wako.

Ndiyo sababu nimeirudia filamu yetu jana usiku, na swali lako la mti limegeuka mkononi mwangu. Kama glasi ilikupita kwa sababu uso wa binti ulikushika, basi kwa nini mti haukukupita? Nimekitazama kile kipande cha mwezi wa kumi bila sauti, nikimwangalia mzee tu. Mwezi wa nane, anapomsikiliza binti, taya lake linafanya kazi, kama mtu anayetafuna jibu. Mwezi wa kumi amekaa vizuri, glasi sawa, kifungo sawa, fimbo sawa, na anangoja zamu yake ya kusema. Alikuwa ametoka kitandani, amekonda kidogo, na sisi tulikuwa na haraka kwa sababu mwenye nyumba alitaka funguo zake saa kumi na mbili. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya maji. Hakuna aliyemuuliza kama amerudi mahali alipokuwa amemwacha yule mzee wa mwezi wa nane.

Huenda nakosea. Huenda wewe una jicho la mti, basi. Ndiyo maana nakuomba unijibu jambo moja kabla hatujaanza kazi nyingine, maana Aprili mvua ikipungua tunataka kupiga tena, na yule mzee nataka nikamwone nyumbani kwake, nizungumze naye, si kwa daftari. Ule mti uliuona mara ya kwanza, ukiwa bado hujui binti atasema nini? Au ulirudi kuutafuta?

Niambie ukweli, hata kama unauma.

Mdogo wako wa Katuba