Kinu kile hakipozwi kwa maji

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu MBIR, kinu cha nyuklia cha utafiti kinachojengwa Dimitrovgrad, Urusi, ilisema kitapozwa kwa maji "kama vinu vingine". Hapana jamani. Maji hupunguza mwendo wa nyutroni, zile chembe ndogo zinazopasua atomi za fueli, na pale zinatakiwa zibaki na mbio zake zote, zipige vyuma na fueli mpaka wataalamu waone nini kinavimba na nini kinapasuka. Ndiyo maana hutumika sodiamu iliyoyeyushwa.

Sodiamu naijua. Nilikuwa fundi wa maabara ya sekondari miaka 31. Tulikuwa tukiihifadhi kwenye mafuta ya taa, ndani ya chupa ya kahawia. Unaikata kwa kisu kama sabuni ya mche. Pale ulipokata panang'aa, na kabla hujafunga chupa pameshafifia. Kipande kama punje ya mchele ukikitia majini kinakimbia huku na huku kikichachatika. Mwaka 1987 kijana mmoja, sijageuka vizuri, alikata cha kama ncha ya kidole gumba. Bika, chombo chetu cha kioo, ilipasuka vipande vipande, na alama iko darini hadi leo.

Sasa hebu fikiria tani kwa tani za kitu hicho zikizunguka kwenye mabomba, kwenye joto la nyuzi 500. Sifa yake nayo tuitaje: inabeba joto vizuri sana, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 883 hivi, haihitaji kushindiliwa kwa presha kubwa. Ila ikipata upenyo ikakutana na hewa, inawaka. Kwenye kinu cha Monju, Japani, nacho cha sodiamu, Desemba 1995, kilichoharibu kazi ni ala tu, yaani mfuko wa chuma wa kukinga kipimajoto. Mkondo wa sodiamu uliitikisa mpaka ikakatika, zikavuja zaidi ya kilo 600, moto ukawaka. Kinu kikakaa bila kuwashwa hadi 2010. Ala ya kipimajoto, Mhariri!

Kwa hiyo mnapowacheka Warusi kwamba zege la kwanza walimwaga Septemba 2015 na bado wanajenga, mie sicheki. Wamarekani walipanga kinu chao cha aina hiyo, cha megawati 300 za joto, kule Idaho. Bunge lao likakinyima fedha mwaka 2022, ujenzi haujaanza.

Mwandishi wenu akipita Songea aulize nyumba ya Mwalimu wa Maabara. Nitampeleka shuleni nimkatie kipande, cha punje ya mchele.

Fundi wa maabara mstaafu,
Songea