Begi la mlimani sio rangi tu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Siku hizi vijana wengi wanapanda Meru na Kilimanjaro, ila wakienda kununua begi kubwa la mgongoni kwenye mitumba pale Memorial, Moshi, wanaangalia rangi na jina basi. Jamani, anza na mkanda wa kiunoni! Uwe mpana, una sponji nene, ukae juu ya mifupa ya nyonga, maana uzito mwingi unatakiwa ubebwe na nyonga na miguu, mabega kazi yake ni kuzuia begi lisiyumbe tu. Halafu pima mgongo, sio kimo, kuna watu warefu wana mgongo mfupi kabisa. Lita 60 mpaka 70 zinatosha, likizidi hapo utajaza makorokoro. Zipu ya chini ya kutolea slipingi begi (mfuko wa kulalia) bila kufumua kila kitu ni raha sana. Kava la mvua nalo lisikudanganye, mvua ikianza kumwaga kwenye msitu wa Machame kule Kilimanjaro, maji yanapenya upande wa mgongoni, kwahiyo nguo zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji humo ndani. Na nyie wauzaji, muwe mnamruhusu mteja ajaribu begi likiwa na mzigo, likiwa tupu kila begi linakaa vizuri.

Mpenda milima,
Moshi