Kwa mpwa wangu anayejifunza Kichina: majina yaliyokosa namba

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliposema kwamba kuandika Kichina kwenye simu ni rahisi, kwa kuwa unaandika matamshi kwa herufi zetu kisha unachagua unayoitaka, nilitamani uijue kazi iliyotangulia urahisi huo.

Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba. Msimbo wa ASCII, yaani orodha ya namba za herufi iliyotungwa Marekani miaka ya 1960, ulikuwa na nafasi 128 tu. Zilitosha kwa Kiingereza, na hata kwa Kiswahili chetu, lakini si kwa maandishi yenye maelfu ya herufi. Wachina walichora jedwali la safu 94 zenye nafasi 94 kila moja, wakaipa kila herufi namba ya baiti mbili (baiti ni kipimo kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta), na mwaka 1980 kikatoka kiwango cha GB 2312, chenye herufi za Kichina 6,763.

Hata hivyo, namba haisomeki mpaka ipewe umbo. Umbo hafifu kabisa, la nukta 16 kwa 16, lilichukua baiti 32, hivyo herufi zote hizo zilihitaji zaidi ya baiti 216,000, wakati kompyuta ndogo nyingi za siku hizo zilikuwa na kumbukumbu ya baiti 65,536 au pungufu. Kwa kazi ya uchapaji, iliyodai maumbo safi zaidi, mzigo ulikuwa mkubwa mno. Hapo ndipo ninapomheshimu sana Wang Xuan wa Chuo Kikuu cha Peking, ambaye tangu miaka ya 1970 alihifadhi kingo za herufi kwa hesabu badala ya nukta zake zote, hata magazeti ya China yakaachana na herufi za kuchapia za madini ya risasi.

Linaloniuma ni majina ya watu. Herufi 镕, iliyomo katika jina la Zhu Rongji, aliyekuwa waziri mkuu wa China kuanzia mwaka 1998, haikuwamo katika GB 2312; sasa wafikirie raia wa kawaida wenye majina adimu, waliofika mbele ya karani ambaye kompyuta yake haikuwa na herufi zao. Kiwango cha GB 18030 cha mwaka 2000 kilipanua nafasi mno, na Unicode, msimbo wa pamoja wa maandishi ya dunia, iliyoanza na herufi 20,902 za pamoja za China, Japani na Korea, leo inazo zaidi ya 90,000.

Kwa hiyo nakuomba, ukiandika jina la mtu, usichukue herufi inayofanana na yake kwa sababu tu simu imeitanguliza. Shuka chini ya orodha, uitafute iliyo yake.

Ni mimi mjomba wako.