Barua kwa mwanangu: mmisionari wetu wa ghorofani

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Voisi zako za huko Leeds, Uingereza, nimezisikia zote, hata ile uliyoikata katikati basi likafika. Mimi nakuandikia, voisi siziwezi, nikianza tu kusema babaako yuko pembeni ananirekebisha, hapana haikua Jumanne ilikua Jumatano, mpaka hadithi yenyewe inanipotea. Kwahiyo soma tu pole pole. Umeuliza yule mmisionari wa ghorofani bado yupo au keshakimbia. Yupo, tena kanenepa.

Unakumbuka wewe ulikua unafungasha ndo yeye anahamia, na maneno yakawa mengi, ati mama fulani kaingiza padri nyumbani, ati atawabadilisha watoto dini. (Si padri hata, kijana wa kujitolea tu, na ndevu zenyewe zinamtoka moja moja.) Babaako akawajibu pale pale barazani, kanisa la Mkunazini hapa hapa Unguja liliwekwa jiwe la msingi Krismasi ya mwaka 1873, mabibi na mababu zetu wamesikia kengele yake na wameswali zao tano, leo kijana mmoja ndo atutie wasiwasi? Wakanyamaza. Na mpaka leo hajambadilisha mtu wala hajabadilishwa, ila kuchekwa mwanangu, kachekwa mpaka na bibi yako ambae wewe unamjua, meno yake watu huyaona siku ya Idi tu.

Kwanza mwendo wake. Yule hajui kutembea, yeye kila anapokwenda kachelewa. Siku za mwanzo katoka asubuhi hapa mlangoni anakata vichochoro mbio mbio kuelekea Darajani, wazee wa barazani wakaulizana kuna nini huko, mmoja akanyanyuka, mwengine akanyanyuka, watoto nao nyuma, muuza kahawa kaacha birika lake kafata, wanafika Darajani ni msafara mzima. Yeye kaingia dukani kanunua mkate, anageuka anakuta watu wamemsimamia wanahema. Akasema shikamooni. Mzee mmoja akamuuliza kwa hasira, sasa ndo mkate tu?

Lakini la samaki ndo kubwa.

Kwao ni Kansas, Marekani ya ndani kabisa, ngano tupu, bahari hawana, kwahiyo mnada wa samaki kwake ni sinema, kila asubuhi anakwenda kuangalia. Sasa wewe mnada unaujua ulivyo, samaki wamemwagwa chini, dalali anapiga kelele peke yake, wachuuzi wamezunguka na hakuna anaesema neno, huyu kapandisha nyusi, yule katingisha kidole, dalali keshaelewa. Mjomba ako alikua upande wa pili. Kijana kamuona kafurahi, kanyanyua mkono juu kabisa, mjomba! Dalali akasema thelathini na tano huyo mzungu! Watu wote wakamgeukia, yeye akadhani wanamsalimia, nae kwa adabu akanyanyua tena. Arubaini! Kajipandishia bei mwenyewe masikini, hapakua na mtu mwengine aliekua anataka. Mjomba ako anasema alitaka kumpigia ukelele ashushe huo mkono lakini kicheko kilimkaba. Kidogo fungu zima la vibua liko miguuni kwake na dalali kanyoosha kiganja. Na kalipa wallahi, elfu arubaini, wachuuzi wenyewe walimwambia aachie tu dalali atauza upya, kakataa, kasema mkono ulikua wake.

Karudi nyumbani kavikumbatia kwenye fulana nyeupe, maji ya samaki yanamchuruzika mpaka viatuni, paka wa mtaa mzima nyuma yake, anagonga mlango kwa mguu. Mimi hata karibu sikuweza kusema. Tukakaa uani nikamuonesha kuparua na kutoa matumbo, kisu kakishika kama kalamu, magamba mpaka kwenye nyusi. Nusu tukakaanga, nusu nikamwambia chukua sinia hii ukagawe majirani. Akazunguka nalo mwenyewe nyumba hadi nyumba, na mimi nakwambia hapo ndo mtaa ulipomfungulia milango, mana mtu kakuletea vibua vya bure asubuhi asubuhi utamwambia nini tena, hata yule aliekua anasema sana kuhusu padri (unamjua) kapokea vyake kaomba na ndimu.

Majirani zetu Mabohora nao wakasema huyu lazima alipwe wema, wakamwita chakula. Bahati mbaya sikumwambia kitu mana mimi mwenyewe nlisahau kama hajui. Wakazunguka thali, lile sinia lao kubwa la kulia pamoja, wakamuonjesha chumvi akaonja, kikaja kitamu, si unajua wao kitamu wanaanza nacho, akala akasifu sana, akajifuta mdomo, akashukuru, akanyanyuka anaaga! Kwao Marekani kitamu ndo mwisho wa shughuli. Mama wa nyumba karibu alie, kuku yuko jikoni, biriani iko jikoni, mgeni keshavaa kiatu kimoja. Mzee ndo kamvuta mkono kamkalisha tena. Aliporudi usiku ngazi zetu zile kazipanda kwa vituo.

Ramadhani ya kwanza alikua anajificha chumbani anakula biskuti, na sisi huku chini tunasikia kru kru kru, bibi yako anasema panya wa mwaka huu wana meno mazuri. Nikamwita nikamwambia baba wewe hujalazimishwa, kula chakula chako kwa raha, ila njiani usile tu, basi. Akaona haya zaidi, akasema siku moja na mimi nitafunga na nyinyi. Kafunga. Alasiri kalala barazani mikono kaipanua, wapita njia wanampa pole. Magharibi ikaadhiniwa, sisi tende na bismillahi tumemaliza, yeye kafumba macho anaomba kikwao, na kikwao ni kirefu, kaombea chakula, kaombea nyumba, kakuombea wewe huko Leeds kwa jina lako kamili, mimi nnaona haya kumkatiza. Anafumbua macho sahani ya sambusa iko tupu na watoto wa dadaako wanaangalia dari. Siku hizi anaomba jicho moja liko wazi na kiganja kiko juu ya sahani.

Ulitaka kujua kama anahubiri. Humu ndani hajawahi. Kule Jaws Corner kwenye kahawa ndo wazee wanamchokoza wao, siku moja kaanza kuwaeleza habari za Isa, babu mmoja akamwambia ngoja kwanza kijana, akamsomea Surat Maryam na tafsiri yake yote, Bi Maryam chini ya mtende, uchungu umemshika, tende zikamdondokea. Kijana kasikiliza kahawa mkononi mpaka ikapoa. Kesho yake karudi na kitabu chake kawasomea Luka, nao wakamsikiliza, wakabishana mpaka adhana ikawatenganisha kila mtu kaenda zake. Sasa imekua desturi, na wanachokosana nae wao si dini ni mpira.

Sasa ngoja nikwambie na hili mana mimi usomeshaji haujanitoka, nimestaafu lakini ulimi haujastaafu. Ilikua baada ya mambo ya Mabohora, kijana kavunjika moyo, kakaa ngazini anasema mimi kila ninapokwenda naharibu. Nikamwambia wewe unasali pale Mkunazini, zile nguzo fupi za nyuma karibu na pa kubatizia ushaziangalia vizuri? Hajaziangalia! Mimi Muislamu ndo nimwambie, nimepeleka wanafunzi wangu wa skuli pale miaka na miaka. Askofu Steere alifika hapa Unguja mwaka 1864, akakaa na watu akajifunza Kiswahili mpaka akakiandikia sarufi, kisha ndo akajenga lile kanisa pale palipokua na soko la watumwa. Na inasimuliwa kua siku moja alikua hayupo, mafundi wakasimamisha nguzo juu chini. Aliporudi mzee wa watu akakuta kichwa kiko chini na miguu iko juu, akaziacha vile vile. Amefariki 1882, kazikwa pale pale nyuma ya madhabahu, na nguzo zake ziko mpaka kesho, watalii wanazilipia kuziangalia. Kijana kaondoka mbio (ule mwendo wake) kaenda kuzitazama, karudi kakaa chini anacheka machozi yanamtoka. Tangu hapo akiharibu kitu humu ndani anasema mwenyewe, mama, nguzo. Juzi kaunguza pasi khanga yangu ya doti mpya, nikasikia tu kutoka juu, mamaaa, nguzoo! Hiyo sikucheka lakini.

La mwisho Makunduchi. Mamaako mdogo kamwalika Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya mwaka mpya ya kule, mwezi wa 7, si unajua kule siku ile nyumba haitakiwi ikose mgeni. Sote tulidhani mwengine keshamueleza. Basi wamefika uwanjani, akina mama wamejipamba wanaimba, mara watu wa upande wa kusini na watu wa upande wa kaskazini wakaanza kutwangana kwa mapande ya migomba, vinyongo vya mwaka mzima vinatoka pale, na yeye macho yamemtua kwa wazee wawili wenye mvi wanachapana kisawasawa. Kijana wa amani huyo! Katupa begi, kakimbilia katikati, mikono juu, jamani jamani, wazee wangu, tuzungumze! Mmoja akadhani mwenzake kaleta msaada wa kizungu akamtia pande la mgongo, wa pili akadhani hivyo hivyo akamtia la miguu, na kwa mara ya kwanza siku ile wale wazee wakawa upande mmoja. Akina mama wakamtia kwenye nyimbo zao hapo hapo, na zile nyimbo za Mwaka unazijua hazina adabu, bora hazielewi zote. Mamaako mdogo kamtoa kwa kumvuta shati. Kibanda kilipochomwa moto ikabidi wamshike mkono asiende kutafuta ndoo ya maji. Kwenye kula sasa, yule mzee aliemchapa zaidi kamkalisha ubavuni kwake, nyama anamkatia yeye, na akasema mwaka ujao huyu anacheza upande wetu. Bokoboko kala sahani mbili, anasema kwao wanalima ngano mpaka upeo wa macho na hakuna hata mmoja aliewaza kuipiga na nyama.

Sasa nije kwako wewe unaecheka huko peke yako.

Umesema kwenye voisi kua watu wa Leeds baridi, hawasalimii, jirani wa flati ya chini hata jina lake hulijui na sasa hivi mwaka wa pili unapita mlangoni kwake. Nikakuuliza wewe ushawahi kugonga? Ukaanza ohh mama hapa sivyo, hapa watu watakushangaa. Eh wakushangae! Wewe ni mgeni, mgeni kazi yake ni nini? Huyu wa kwetu anashangawa kutwa, na bado asubuhi anavaa viatu anatoka. Unasema humuelewi huyo jirani akiongea, Kiingereza cha kule kina lafudhi yake, nae wako hataelewa, si ndo vizuri, mtakua wawili mnaobabaika. Mimi sikukulea kukaa chumbani na simu.

Binamu yako anaondoka Alkhamisi nimempa kifurushi. Kuna bizari, kuna pilipili ya kusaga ya bibi yako (fungua dirisha ukiitumia), kuna soksi alizokununulia babaako na wala huko ulipo zimejaa lakini usimwambie. Halua zimo mbili. Ile ya kikapu kikubwa si yako, ni ya huyo jirani wa chini, na usimpe mtu mwengine akupelekee, na usiache mlangoni ukakimbia nakujua. Nenda mchana, gonga, subiri. Na ukikaribishwa ingia. Binamu yako nshamwambia awe nyuma yako na simu, nataka picha yako wewe na yeye na halua ikiwa imefunguliwa, isiwe kikapu kimefungwa tu.

Kijana wa juu anakusalimia, anauliza Leeds kuna mnada wa samaki.

Mamaako