Wanaoitaja Ulaya kuhusu nikabu waiseme yote

Mhariri,

Kila mjadala wa nikabu, kitambaa ambacho baadhi ya wanawake Waislamu hufunikia uso, unapozuka redioni au katika kurasa za maoni, hakosi mtu wa kusema kwamba hata Ulaya wameipiga marufuku, basi sisi Wakenya tunaogopa nini? Hoja hiyo husikika Nakuru, husikika Kisumu, na husikika hata hapa Mumias ambako Uislamu uko tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mwenye kuitoa huishia hapo. Hasemi ni nchi gani, wala mahakama zilikubali sababu ipi na kuikataa ipi.

Ufaransa ndiyo hutajwa zaidi. Sheria yake ni ya Oktoba 2010 na ilianza kutumika tarehe 11 Aprili 2011. Haitaji Uislamu wala nikabu. Inakataza kufunika uso mahali pa umma. Faini haizidi euro 150, na mahakama inaweza kumwamuru mwanamke ahudhurie mafunzo ya uraia. Mwenye kesi nzito ni anayemlazimisha mwanamke kujifunika: kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 30,000, maradufu ikiwa aliyelazimishwa ni mtoto. Sehemu hiyo ya pili sijawahi kuisikia ikitajwa redioni.

Sheria hiyo ilishtakiwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na hukumu ikatoka tarehe 1 Julai 2014. Serikali ya Ufaransa ilishinda, lakini tazama ilivyoshinda. Hoja ya usalama ilianguka: majaji walisema marufuku ya kila mahali ingefaa tu kama kungekuwa na tishio la jumla kwa usalama wa umma, na Ufaransa haikulithibitisha. Hoja ya usawa wa wanawake ikaanguka pia, kwa kuwa serikali haiwezi kumlinda mwanamke dhidi ya jambo analolitetea mwenyewe. Iliyosimama ni moja, kwamba watu wanaoishi pamoja wana haki ya kuonana nyuso. Kwa hiyo Mkenya anayesema tupige marufuku kwa ajili ya usalama "kama Ulaya" amebeba hoja ambayo Ulaya yenyewe iliitupa. Na mwaka wa 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema sheria hiyo ya Ufaransa inakiuka uhuru wa dini.

Nchi nyingine zina misimamo tofauti. Uholanzi tangu Agosti 2019 inakataza nikabu shuleni, hospitalini, katika ofisi za serikali na katika vyombo vya usafiri wa umma, lakini barabarani mtu yuko huru. Uswisi iliamua kwa kura mwaka wa 2021, asilimia 51.2 wakakubali, na marufuku ikaanza Januari 2025. Uingereza haina sheria kama hiyo kabisa. Corona ilipoingia, Ufaransa ikawa na faini mbili kwa wakati mmoja: hadi euro 150 kwa kufunika uso, na euro 135 kwa kutoufunika ndani ya duka. Sheria ya 2010 iliruhusu kujifunika kwa sababu za afya, kwa hiyo kisheria hapakuwa na mgongano. Kwa macho tu ilichekesha.

Nije kwa wale wanaodai kwamba watu wa Magharibi wamefungwa midomo, kwamba huwezi kusema neno kuhusu nikabu bila kuitwa mbaguzi. Agosti 2018, siku chache baada ya marufuku ya Denmark kuanza, Boris Johnson, mwanasiasa wa Uingereza, aliandika makala gazetini akipinga marufuku hiyo. Ndiyo, akiipinga. Lakini ndani yake aliwafananisha wanawake hao na visanduku vya barua na wezi wa benki. Wiki nzima Uingereza ikajadili kama aombe radhi, huku wenzake wakimsifu kwa ujasiri wa kusema wazi. Swali la sheria ya Denmark, ambalo ndilo alilokuwa analijibu, likapotea. Mwisho wa mwaka chama chake kilimwona hana kosa.

Mlinganishe na Jack Straw, mbunge wa Blackburn, Uingereza. Mwaka wa 2006 alisema waziwazi kwamba huwaomba wanawake wanaofika ofisini kwake wafikirie kufunua uso wanapozungumza naye. Wengi walimkasirikia, na mimi sikubaliani naye, kwani mbunge halipwi ili aone nyuso za waliomchagua. Lakini alikuwa akihakikisha kuna mfanyakazi wa kike chumbani kabla ya kuomba. Alisema alilotaka kusema bila kumtukana mtu, na mjadala ukabaki juu ya jambo lenyewe.

Na kuna upande wa pili wa woga huo ambao hapa kwetu ni hatari zaidi: karani anayeogopa kuitwa adui wa Waislamu, akagonga muhuri bila kuangalia uso. Huyo hajamheshimu mtu. Akitokea mtu na kitambulisho cha mwingine, atakayelipa ni mwanamke mwenye kitambulisho hicho.

Wanawake wenyewe hawakatai kutambuliwa. Aliyeishtaki Ufaransa alisema mahakamani kwamba yuko tayari kufunua uso benki, uwanja wa ndege na popote penye ukaguzi wa lazima. Zunera Ishaq, aliyeishinda serikali ya Kanada mwaka wa 2015 kuhusu kiapo cha uraia, alikuwa tayari kumwonyesha uso ofisa wa kike faraghani kabla ya kuapa. Alichopinga ni kulazimishwa kufunua uso mbele ya watu katika hafla ya kiapo tu.

Katika kaunta zetu kazi hii ni ya dakika moja. Nikabu nyingi ni kitambaa kinachofungwa kisogoni kwa kamba juu ya ushungi. Ile yenye pindo la juu huinuliwa mara moja. Ile iliyopitishwa chini ya ushungi na kubanwa kwa pini huhitaji muda kidogo na mikono miwili, kwa hiyo mwacheni kwanza aweke mkoba chini. Ofisa wa kike amchukue nyuma ya pazia, alinganishe paji, pua na kidevu na picha, kisha amwache ajifunike. Kwa picha mpya ya pasipoti, uso uonekane kuanzia kidevuni hadi juu ya paji na pande zote mbili. Ushungi hauondolewi, bali usivutwe mbele, maana kivuli chake pajini ndicho huharibu picha.

Linaloharibu mambo ni zamu. Ofisa wa kike ni mmoja, naye ametoka kula, na soja wa langoni anapaza sauti mbele ya foleni, "Mama, toa hiyo kitu." Hapo mwanamke hugoma, na kesho yake tunasoma kwamba Waislamu wamekataa ukaguzi.

Katiba yetu, kifungu cha 32, inalinda ibada, na cha 24 kinataka anayebana haki aonyeshe kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Kesi ya hijabu ya Isiolo iliyoishia Mahakama ya Juu mwaka wa 2019 ilihusu sare za shule, na iliamuliwa kwa kasoro za utaratibu wa kesi. Asiitaje mtu kama hukumu ya nikabu.

Ofisi na benki za Kakamega, Kisumu na Nakuru ziandike tangazo moja mlangoni kwa wote: helmeti ya boda boda, miwani myeusi, barakoa na nikabu, kila mmoja aonyeshe uso anapotambuliwa. Chini yake ziandikwe saa ambazo ofisa wa kike yupo, na jina la cheo cha atakayeshika nafasi yake akitoka.

Msomaji wenu,
Mumias, Kaunti ya Kakamega