Dakika ishirini

Tukuyu, 14 Juni 2025

Mwanangu, mama yangu,

Jana usiku uliposema umeshasaini mkataba wa kazi Goma, huko Kongo, mama yako aliendelea kumenya ndizi kama hajasikia, nami nikasema "sawa" kisha nikatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao nilikuwa nimetoka kuwaangalia. Unanijua. Kwenye simu ndiyo hovyo kabisa, naishia "haya, sawa, sawa". Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu. Ukungu umeshuka mpaka mti wa tatu wa parachichi hauonekani, na mama yako hajui ninaandika nini. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu Januari, kwa hiyo mtapitia Kigali. Isome ukiwa kwenye gari la kwenda Gisenyi, pale mpakani upande wa Rwanda, usiisome hapa nyumbani.

Sikuzuii. Nitakuzuiaje wakati ni mimi niliyekuharibu? Ile kompyuta kuukuu ilikuwa chini ya kabati, inavuma usiku kucha, nawe una miaka kumi na miwili ukaniuliza inakuwaje mashine moja iwe na mashine nyingine tano ndani yake. Nikakupa mfano wa nyumba yetu ya kupanga pale Mwanjelwa: ukuta mmoja, luku moja, wapangaji sita, kila mmoja na kufuli lake. Mwenye nyumba ni ile programu ya chini inayogawa umeme na nafasi, ambayo vitabu vinaiita haipavaiza. Wapangaji ni mashine pepe, sisi kazini tulizoea kuziita vi-em tu. Na uzuri wa wapangaji hawa, nikakwambia, unaweza kumhamishia mtu nyumba nyingine akiwa usingizini, akaamka asijue kwamba amehama. Ukafikiri kidogo, ukauliza: "Na nyumba ikiungua?" Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilikwambia ukalale.

Leo kazi hiyo unaijua kunizidi. Umesoma chuo pale Ikuti, umekaa Dar miaka minne kwenye vyumba vya seva vyenye baridi kuliko Tukuyu, na mitambo niliyoiacha mimi nilipostaafu nasikia imeuzwa kwa kilo. Sitakufundisha. Nataka tu ujue vita inaifanya nini kazi hiyo, maana Dar hukuyaona haya.

Utacheka, lakini naanza na vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, uji wake wa moto ulipita katikati ya mji na kula kipande cha njia ya kurukia ndege. Mawe yale yakisagwa na matairi yanatoa vumbi jeusi, laini kama unga wa mkaa, linaingia hata mahali ambapo sisimizi hapiti. Nilipokuwa nafanya kazi kule, mashine yangu ya kwanza ilikufa kwa joto ndani ya miezi minne, nikaifungua nikakuta feni zimeota kitu kama sufi nyeusi. Baada ya hapo nikawa nanunua sokoni soksi ndefu za kike, zile nyembamba, nazinyoosha mbele ya matundu ya hewa na kuzibadilisha kila Jumamosi. Yule mama muuzaji alikuwa ananiangalia kwa jicho ambalo sitakueleza.

Umeme kule hutauhesabu kwa uniti, utauhesabu kwa lita za dizeli. Na betri za UPS, zile za kushikilia mitambo umeme ukikatika, usizisadiki maandishi yake. Zimeandikwa dakika thelathini. Baada ya mwaka mmoja wa joto na kukatikakatika zinakupa saba, nane ukiomba sana. Dakika saba zinatosha kuzima vi-em zote kwa utaratibu ikiwa ulishapanga ipi inaanza na ipi inafuata. Hazitoshi ikiwa ndiyo kwanza unaanza kufikiri. Zipime mwenyewe kwa kuchomoa umeme siku ya kazi, hata wakikununia wiki nzima. Leseni nazo uziangalie. Broadcom walipoinunua VMware, kampuni ya haipavaiza, mwishoni mwa 2023 wakaacha kuuza leseni za kudumu, na ofisi nyingi ndogo zikahamia Proxmox, haipavaiza nyingine, kwa ajili ya bei. Mimi ningehama hata kama bei ni ile ile. Sipendi mtambo ulioko Goma ambao uhai wake unasubiri sahihi ya kila mwaka ya mtu aliyeko likizo Ulaya.

Ya Ukraine tumebishana sana, na nikiri kwamba kwenye moja ulikuwa sahihi. Nilikuwa nasema data ya serikali ikae ndani ya mipaka, basi. Halafu wao Februari 2022, wiki moja kabla vifaru havijaingia, wakabadili sheria ili data ya serikali iruhusiwe kuhifadhiwa nje, na vita ilipoanza wakaihamisha. Majengo yalipigwa, wapangaji walikuwa wameshahama. Ila na wewe usisahau ya Kyivstar, kampuni yao ya simu, Desemba 2023: wavamizi walikuwa wamejificha ndani ya mitambo kwa miezi, na siku walipoamka walifuta maelfu ya seva pepe, wateja milioni 24 wakabaki na simu zisizopiga. Mtu akishashika funguo za mwenye nyumba hana haja ya kuvunja mlango wa mpangaji. Kwa hiyo nakala ya akiba isifunguliwe kwa nywila ile ile inayoendesha mtambo, na nakala moja iwe imechomolewa kabisa, iko kwenye droo.

Na usije ukadhani seva ni mambo ya ofisini. Sudan, Februari 2024, mitandao ya simu ilipozimika karibu nchi nzima, watu waliokuwa wanaishi kwa pesa za kutumiwa kwenye simu walikosa za kununulia mkate.

Sasa lile ambalo sijawahi kukwambia.

Mnajua nilikuwa Goma mwaka 2012 mji ulipoanguka mikononi mwa waasi. Mnajua nilitembea mpaka Gisenyi na nikafika bila viatu. Hiyo ndiyo hadithi ninayoisimulia Krismasi nanyi mnacheka. Hamjawahi kuniuliza kwa nini nilitembea wakati shirika lilikuwa na magari tisa.

Ilikuwa Jumatatu, 19 Novemba. Mizinga ilikuwa inasikika kaskazini, upande wa Munigi na uwanja wa ndege, na mchana redio ikatangaza kwamba wafanyakazi wote kutoka nje waelekee mpakani, magari yanaondoka baada ya dakika kumi. Dereva wangu alikuwa ameshawasha gari. Mimi nikaingia chumba cha seva.

Tulikuwa na mashine mbili zenye vi-em kumi na moja, na moja kati ya hizo ilibeba orodha ya watu waliokimbia makwao, maelfu ya kaya: jina la baba, la mama, idadi ya watoto, kambi waliyopo, kijiji walikotoka. Kabila hatukuandika, tulijiona waungwana. Lakini kule ukishataja kijiji umeshataja kabila. Orodha kupotea isingepotea, maana kila Ijumaa nilikuwa naibeba kwenye diski mpaka Gisenyi. Hofu yangu ilikuwa kuiacha nyuma. Diski za zile mashine hazikuwa zimesimbwa, yaani kugeuzwa zisisomeke bila nywila. Yeyote angeweza kuzichomoa, kuzichomeka kwingine na kuzisoma kama gazeti. Nililijua hilo tangu Aprili. Kuzisimba kulitaka kuzima huduma wikiendi nzima, na kila wikiendi ilikuwa na sababu yake: ripoti ya mfadhili, dizeli imepungua, mimi mwenyewe nimechoka nataka kulala. Miezi saba ikapita hivyo.

Basi nikaanza kuifuta pale pale. Unajua kufuta kwa kweli kulivyo, unaandika sifuri juu ya kila kitu. Gigabaiti sitini zikichanganywa na nakala yake kwenye mashine ya pili. Nikasimama naangalia asilimia. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Dereva akaja mlangoni, akasema, "Chef, tuende." Nikamwonyesha kidole, bado kidogo. Akarudi mara ya pili, hakusema kitu, alisimama tu anazungusha funguo kwenye kidole, anaangalia kioo cha kompyuta kana kwamba naye anazihesabu. Wenzetu walikuwa wameshaondoka. Zilikuwa dakika ishirini na kitu.

Kuifuta sijutii. Miaka tisa baadaye, Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipotangaza kwamba data za watu zaidi ya 515,000 zimevamiwa, wengi wao watu waliotenganishwa na ndugu zao kwa vita, na seva zenyewe zilikuwa Uswisi kwenye amani, nilikaa hapa barazani nikaikumbuka ile orodha yangu. Ningeifuta tena. Ninachokibeba ni kwamba zingekuwa zimesimbwa ningechomoa waya mmoja na kutoka. Sekunde tatu.

Walitusimamisha kabla hatujafika mbali. Vijana sita wenye bunduki, sare nusu nusu, mpaka leo sijui walikuwa wa upande gani. Walitaka gari. Dereva alichelewa kutoa funguo, nadhani ni mazoea tu, maana gari lilikuwa limesainiwa kwa jina lake. Akapigwa kitako cha bunduki upande wa kushoto wa kichwa. Alianguka, akainuka, akatoa funguo, akaokota kofia yake na kuikung'uta vumbi, tukaanza kutembea. Mimi wakanivua viatu. Hicho ndicho kipande mnachokijua.

Njiani ndipo nikaelewa. Alikuwa amepanga anifikishe mpakani upesi, halafu arudi na gari mpaka Majengo kumchukua mkewe na watoto wanne. Kwenye karatasi ya kuondoka jina lake halikuwemo. Wala la mpishi, wala la walinzi. Ile karatasi niliichapa mimi kwa mkono wangu, majina kumi na manne, sote wa kutoka nje ya Kongo, na sikuwahi kuisoma kwa jicho hilo. Damu ilikuwa inamtoka sikioni inaingia kwenye kola ya shati. Tulipofika mpakani nikatoa pasipoti. Yeye akanipa mkono. "Weye enda, Chef. Miye niko na batoto." Akageuka, akarudi kule kule tulikotoka, kwa miguu.

Aliwapata siku ya tatu, kwa shemeji yake huko Ndosho, wote wazima. Nililijua hilo baada ya wiki mbili, na zile wiki mbili mama yako anazikumbuka kwa sababu nilikuwa namjibu vibaya kwenye simu na hakujua nina nini.

Waasi walitoka mjini 1 Desemba, nasi tukarudi kabla ya Krismasi. Mlango wa chumba cha seva ulikuwa umevunjwa. Walichukua betri za UPS, birika la chai na saa ya ukutani. Zile mashine mbili hakuna aliyezigusa. Zilikuwa na vumbi tu.

Kwa hiyo, mama, diski zisimbe wiki ya kwanza, hata kabla hujajua choo kiko wapi. Usisubiri wikiendi tulivu. Halafu omba uonyeshwe karatasi ya kuondoka. Tafuta jina la dereva wako humo. Lisipokuwemo uliza mbele ya watu, kikaoni, si pembeni. Watakwambia ndiyo utaratibu. Uliza tena kikao kinachofuata. Najua ni mgeni na ni binti na watakuona una mdomo, wakuone.

Yule mtu anayepiga simu kila Krismasi, ambaye mama yako anamwita "yule Mkongo wako" na wewe ulizoea kulaumu mtandao kwa jinsi anavyopaza sauti, ndiye huyo. Bado yuko Goma. Gari aliacha, ana kibanda cha kuchajia simu, na kijana wake wa pili ndiye anayemsaidia. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Nimemwambia unakuja, na amekwisha kukuita binti yake, kwa hiyo muite baba mdogo. Kwenye begi kuna pakiti mbili za chai ya hapa, moja ni yake. Atakusimulia habari zangu na atanisifu kupita kiasi. Mwache, usimrekebishe, na usimwambie nimekuandikia haya.

Mkikaa, wewe kaa upande wake wa kulia. Sikio la kushoto halisikii.

Baba yako